Antony van Leeuwenhoek, Muuza Vitambaa Asiyejua Kilatini

Naomba nafasi katika kurasa hizi za Kiswahili niwaeleze habari za maisha ya Mholanzi mmoja aliyefariki zamani sana, mwaka 1723. Jina lake ni Antony van Leeuwenhoek. Kila mwanafunzi wa baolojia hukutana na jina hili katika kurasa za mwanzo za kitabu chake, hulinakili katika daftari pamoja na mwaka, kisha hulisahau mtihani ukipita. Mimi nami nilifanya hivyo. Sababu iliyonifanya nilirudie nitaieleza mwishoni, maana inahusu kosa langu mwenyewe.

Leeuwenhoek alizaliwa tarehe 24 Oktoba 1632 katika mji wa Delft, Uholanzi. Baba yake alikuwa msusi wa vikapu, na mama yake alitoka katika jamaa ya watengenezaji wa pombe. Mtoto alipokuwa na umri wa miaka mitano hivi baba yake alifariki. Mama yake akaolewa tena, na Antony akapelekwa shule katika kijiji kiitwacho Warmond, kisha akakaa kwa mjomba wake. Alipofikia miaka 16 jamaa zake walimpeleka Amsterdam kujifunza kazi ya duka la vitambaa. Huo ndio ulikuwa mwisho wa masomo yake. Chuo kikuu cha Leiden hakikuwa mbali na Delft, lakini hakusoma humo hata siku moja.

Hapa yafaa nieleze jambo moja, maana bila hilo habari yote haitaeleweka. Siku zile wataalamu wa Ulaya waliandikiana kwa Kilatini. Kilatini hakikuwa tena lugha ya mama ya mtu yeyote, wala hapakuwa na kijiji ambamo watoto walicheza kwa lugha hiyo. Kilifundishwa shuleni, kwa fimbo na kwa kukariri, na aliyekijua aliweza kusoma kitabu cha Mwitaliano, cha Mjerumani na cha Mwingereza bila kujifunza lugha tatu. Lilikuwa jambo jema sana kwa wale waliokuwa ndani. Lakini kijana aliyetolewa shuleni akatiwa dukani alibaki nje, hata kama Mungu amempa akili kuliko wote waliomo. Leeuwenhoek alijua Kiholanzi tu. Hakujua Kilatini, wala Kifaransa, wala Kiingereza, na hakupata kuzijua mpaka kufa kwake.

Mwaka 1654 alirudi Delft, akaoa, akafungua duka lake mwenyewe la vitambaa. Alipata watoto watano, lakini wanne walikufa wakiwa wadogo, akabaki binti mmoja, Maria. Mwaka 1660 alipewa kazi ya kutunza ukumbi wa mahakimu wa mji. Mwaka 1669 alifaulu mtihani wa upimaji ardhi, na baadaye akawa pia mpimaji wa mapipa ya mvinyo, ili kodi itozwe kwa haki. Tazameni basi kazi zake: kuhesabu nyuzi za kitambaa, kupima shamba, kupima pipa. Alikuwa mtu wa vipimo, aliyezoea kuamini jicho lake na mkono wake.

Wauza vitambaa wa siku zile walitumia kioo cha kukuzia ili watazame ubora wa nyuzi. Leeuwenhoek hakuridhika na vioo vilivyouzwa, akaanza kutengeneza vyake. Lenzi zake zilikuwa ndogo sana, nyingine kama kichwa cha pini. Aliitia lenzi moja kati ya vibati viwili vya shaba au vya fedha, akaweka nyuma yake sindano ya kushikia kitu anachotaka kukitazama, na parafujo ya kukisogeza. Hadubini yake nzima iliweza kufichika katika kiganja cha mkono. Mtazamaji aliiweka karibu kabisa na jicho lake, akaielekeza penye mwanga. Moja iliyobaki mpaka leo huko Utrecht hukuza kitu zaidi ya mara 260. Hadubini kubwa za wataalamu wa wakati ule, zenye lenzi mbili au zaidi, hazikuweza kuonyesha vitu vidogo kwa uwazi kama huo.

Basi mtu huyu alikuwa na chombo kizuri kuliko vyote duniani, na alikuwa amekwisha kuona mambo ambayo hakuna aliyeyaona, lakini hakuwa na lugha ya kuwaambia wale ambao wangeelewa. Angeweza kufa nayo. Aliyemwokoa ni jirani yake, daktari kijana wa Delft jina lake Reinier de Graaf. Huyu alikuwa msomi, na vitabu vyake aliviandika kwa Kilatini. Mwezi wa Aprili mwaka 1673 de Graaf aliandika barua kwa Chama cha Kifalme cha London, chama cha wataalamu kilichoanzishwa mwaka 1660, akawaeleza kwamba katika mji wake yupo mtu anayetengeneza hadubini zinazopita zote, akaambatanisha maelezo ya Leeuwenhoek juu ya ukungu, nyuki na chawa. Miezi minne baadaye de Graaf alifariki, akiwa na umri wa miaka 32 tu. Kama angechelewa kidogo kuandika barua ile, sijui nani mwingine mjini angeiandika.

Huko London barua ilipokewa na katibu wa chama, Henry Oldenburg. Naye alikuwa mgeni katika nchi ile: alikuwa Mjerumani wa mji wa Bremen, akajifunza Kiingereza akiwa mtu mzima. Tangu mwaka 1665 alikuwa akichapisha jarida la chama, na kazi yake kubwa ilikuwa kuandikiana na wataalamu wa nchi nyingi, kutafsiri barua zao, na kumfahamisha mmoja anachofanya mwingine. Kazi hiyo ilimtia matatani. Mwaka 1667, wakati wa vita kati ya Uingereza na Uholanzi, serikali iliona barua nyingi mno zikitoka ng'ambo kumjia mtu mmoja, ikamshuku, akafungwa katika Ngome ya London kwa majuma kadhaa. Na barua ya de Graaf ilipofika, nchi hizo mbili zilikuwa vitani tena. Hata hivyo Oldenburg hakusita. Aliyatafsiri maelezo ya muuza vitambaa wa nchi ya adui, akayachapisha mwaka ule ule wa 1673, kisha akaomba mengine.

Leeuwenhoek alijibu kwa haya. Aliwaeleza mabwana wa London kwamba yeye hana kalamu ya kuandika mawazo yake vizuri, kwa sababu hakulelewa katika lugha wala katika elimu, bali katika biashara. Hata hivyo aliendelea kuandika, kwa Kiholanzi kile kile cha sokoni Delft. Alipotaka kuwaeleza ukubwa wa kitu hakutumia maneno ya chuoni; alikilinganisha na chembe ya mchanga, au unywele, au jicho la chawa. Naona vipimo hivyo vilikuwa vizuri, maana hata mtu wa London alikuwa na mchanga na chawa.

Mwaka 1674 alichukua maji ya ziwa moja lililo karibu na Delft, akayatazama, akaona ndani yake viumbe vidogo sana vikitembea huku na huku. Kisha akaanza kutazama maji ya mvua, ya mto, ya kisima na ya bahari. Mwaka 1676 alitaka kujua kwa nini pilipili manga huwasha ulimi. Alidhani labda ina miiba midogo. Akaloweka pilipili manga katika maji, akaiacha siku kadhaa, kisha akatazama. Hakuona miiba. Aliona vijinyama vingi vya namna mbalimbali, na vingine vilikuwa vidogo kuliko vyote alivyowahi kuviona. Leo wataalamu hukubali kwamba miongoni mwa hivyo mlikuwamo bakteria, na kwamba hakuna mwanadamu aliyekuwa amewaona kabla yake.

Vijinyama hivyo alivipa jina la nyumbani: dierkens. Katika Kiholanzi, mtu akiongeza kipande kama hicho mwishoni mwa neno la mnyama, mnyama huwa mdogo, na pengine huwa wa kupendeza kidogo. Sisi wasemaji wa Kiswahili tunafanya vivyo hivyo, ila tunaongeza mwanzoni: mdudu, kidudu, kijidudu. Nilipogundua hivyo nilifurahi sana. Neno letu vijidudu, ambalo mama zetu hulitumia wanapotuambia tuchemshe maji ya kunywa, limejengwa kwa namna ile ile kama neno la mtu wa kwanza aliyewaona. Wasomi baadaye walitafuta neno la Kilatini lenye heshima zaidi, lakini jambo lenyewe lilianza kusemwa kwa maneno ya nyumbani.

Tarehe 9 Oktoba 1676 Leeuwenhoek alipeleka London barua ndefu ya kurasa kumi na saba na nusu juu ya viumbe hivyo. Sasa nawaomba wasomaji wasikilize vizuri, maana hapa ndipo penye jambo nililokusudia. Oldenburg aliitafsiri barua hiyo, akaichapisha mwaka 1677. Lakini hakuitafsiri yote. Alichukua karibu nusu, nyingine akaiacha. Simlaumu sana. Alikuwa mtu mmoja mwenye kazi ya watu kumi, na jarida lilikuwa na kurasa chache. Lakini wasomaji wa Kiingereza walipata nusu ya ushahidi na mshangao wote. Waliambiwa kwamba katika tone moja la maji mna viumbe kwa maelfu na maelfu, na anayesema hivyo ni mtu wa dukani asiye na shahada wala Kilatini, na njia yake ya kutazama hataki kuieleza.

Wengi hawakuamini. Chama kilimwagiza mtaalamu mmoja, Nehemiah Grew, ajaribu kuwaona vijidudu hao, naye hakufaulu. Leeuwenhoek alipopata habari za mashaka yao hakutukana. Alikwenda kutafuta mashahidi, watu wa kuaminika wanane, na miongoni mwao wamo wachungaji wa kanisa na mwandishi wa hati za sheria. Akawaonyesha maji, nao wakatia sahihi zao kwamba wameona. Karatasi hizo akazipeleka London mwezi wa Oktoba 1677. Kisha Robert Hooke, aliyeandika kitabu mashuhuri cha hadubini mwaka 1665, alijitengenezea vioo vizuri zaidi na kuloweka pilipili manga yake mwenyewe. Tarehe 15 Novemba 1677 aliwaonyesha wanachama vijidudu vikiogelea, na mashaka yakaisha.

Lakini Oldenburg hakuwapo siku ile. Alikuwa amefariki mwezi wa Septemba, majuma machache tu kabla ya neno alilolitafsiri kuthibitishwa kuwa kweli. Baada yake jarida lilisimama kwa miaka kadhaa. Ndipo ilipoonekana mtu yule alikuwa mlango wa namna gani.

Mwaka 1680 Chama cha Kifalme kilimchagua Leeuwenhoek kuwa mwanachama kamili. Hakuvuka bahari hata mara moja kuhudhuria mkutano wao. Hati ya heshima waliyompelekea iliandikwa kwa Kilatini, yaani mwenyewe hakuweza kuisoma heshima yake bila msaada wa mtu mwingine. Lakini kazi haikusimama. Mwaka 1683 alikwangua utando mweupe uliokuwa kati ya meno yake, akauchanganya na maji safi, akaona bakteria wakienda mbio. Mwaka 1688 alieleza jinsi damu inavyopita katika mishipa myembamba kabisa, kutoka mishipa itokayo moyoni kuingia katika ile irudiyo. Alieleza chembe nyekundu za damu, nyuzi za misuli, viroboto na wadudu wa nafaka, akaonyesha kwamba hao hawatokei kwa vumbi wala kwa uchafu, bali wana wazazi kama wanyama wengine.

Wageni walianza kumiminika Delft. Mwaka 1685 alikuja daktari kijana wa Ireland, Thomas Molyneux, akaandika barua juu ya aliyoyaona. Alimsifu mwenyeji wake kuwa ni mtu wa adabu na mwenye kipawa kikubwa cha asili, lakini alisikitika kwamba hajui lugha yoyote ila yake, na kwamba jambo hilo linamzuia sana katika kufikiri juu ya anayoyaona. Kwa kuwa hayajui mawazo ya wengine, hutegemea yake tu. Nimeyatafakari sana maneno ya daktari huyu. Nadhani alikuwa na haki, ingawa hakusema yote. Kwa mfano, mishipa ile myembamba ya damu ilikuwa imeonekana tangu mwaka 1661 na Marcello Malpighi, Mwitaliano, aliyeitazama katika mapafu ya chura. Malpighi aliandika kwa Kilatini. Kitabu kile Leeuwenhoek asingeweza kukisoma. Alilazimika kuifyeka njia upya kwa panga lake mwenyewe. Wapo wanaosema kwamba kutojua Kilatini kulimsaidia, maana hakujazwa makosa ya wazee wa kale kichwani. Huenda ni kweli kidogo. Lakini mtu anayefyeka njia iliyokwisha kufyekwa hutumia siku ambazo angezitumia kwingine.

Mgeni wake mkubwa kuliko wote alikuja mwaka 1698. Huyu alikuwa Petro Mkuu, mfalme wa Urusi. Petro alikuwa amekaa Uholanzi kujifunza kazi ya kujenga meli, akafanya kazi kwa mikono yake kiwandani, na lugha ya Kiholanzi alikuwa ameijua. Alipopita Delft kwa mashua alimwita Leeuwenhoek, naye akamwonyesha damu ikizunguka katika mkia wa mkunga. Wataalamu wengi walipokuja Delft walihitaji mkalimani. Mfalme yule alikuwa amejisumbua kujifunza lugha ya mafundi, kwa hiyo aliweza kuzungumza na fundi.

Sitaki kumfanya Leeuwenhoek kuwa malaika. Kuna mlango ambao haukufungwa na lugha, aliufunga yeye mwenyewe. Njia yake ya kutengeneza lenzi zilizo bora kabisa hakumfundisha mtu. Wageni aliwaonyesha hadubini za kawaida, zile nzuri akazificha. Leibniz, mwanafalsafa wa Kijerumani, alimshauri awafundishe vijana ili elimu ile isipotee, naye akakataa. Alipofariki hakuacha mwanafunzi. Ilipita zaidi ya miaka mia moja kabla hadubini nzuri hazijapatikana kwa wingi, na habari ya bakteria ikalala. Mpaka siku za Pasteur na Koch, katika karne ya kumi na tisa, ndipo watu walipojua kwa hakika kwamba baadhi ya vijidudu vile ndio waletao maradhi. Koch alitangaza kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, miaka 206 baada ya barua ile ya pilipili manga.

Leeuwenhoek alifanya kazi mpaka siku zake za mwisho. Barua zilizochapishwa katika jarida la London zinapita 100, nazo ni sehemu tu ya zile alizoandika. Akiwa kitandani, amekwisha kudhoofika, alimwomba rafiki yake Jan Hoogvliet atafsiri kwa Kilatini barua zake mbili za mwisho, azipeleke London. Hata kufani alihitaji mkalimani, na alimpata. Alifariki tarehe 26 Agosti 1723, akiwa na umri wa miaka 90, akazikwa katika Kanisa la Kale la Delft. Alikiachia Chama cha Kifalme hadubini 26 za fedha. Chama kilizipokea, lakini baadaye zikapotea. Barua hazikupotea.

Na ile nusu ya barua iliyoachwa? Ilikaa katika makabati ya London. Katika karne ya ishirini mtaalamu wa Kiingereza jina lake Clifford Dobell, aliyekuwa akichunguza viumbe vya chembe moja, alitaka kujua Leeuwenhoek aliona nini hasa. Aliona tafsiri za zamani hazitoshi. Basi akajifunza Kiholanzi, tena Kiholanzi cha zamani kilichoandikwa kwa mkono, akazisoma barua zenyewe. Mwaka 1932, miaka 300 tangu kuzaliwa kwa Leeuwenhoek, alitoa kitabu chenye maneno juu ya vijidudu ambayo Oldenburg aliyaruka. Mwaka 1939 Waholanzi nao walianza kuchapisha barua zote, ukurasa wa Kiholanzi ukitazamana na wa Kiingereza, na kazi hiyo imechukua zaidi ya miaka 70. Hesabu ya mwenye kuruka maneno hulipwa na wengine, na hulipwa polepole.

Sasa nieleze kosa langu. Miaka mitatu iliyopita alikuja darasani petu mwanafunzi kutoka upande wa pili wa mpaka, Congo. Alikuwa amesoma kwa Kifaransa, na Kiingereza chake kilikuwa cha siku chache. Mwalimu akimwuliza jambo, alisimama kimya, nasi tukacheka. Mimi niliyekulia karibu na mpaka nilizungumza naye Kiswahili, kwa hiyo nilijua kwamba si mjinga, lakini nilicheka pamoja na wengine ili nisionekane mshamba.

Siku moja katika maabara tulipewa maji ya kidimbwi tuyatazame. Makundi yote yalishindwa. Yule mwenzetu alichukua uzi mdogo wa pamba, akaunyambua, akauweka katika tone la maji, kisha akapunguza mwanga wa hadubini. Vijidudu vilinaswa kati ya nyuzi, vikapunguza mbio, nasi tukaviona wazi kabisa. Mwalimu alikuja akauliza ni nani aliyefanya hivyo na kwa sababu gani. Mwenzangu alinieleza kwa Kiswahili, kwa kirefu, sababu ya pamba na sababu ya mwanga, akanitazama nimsemee. Nami nilisema kwa Kiingereza sentensi mbili. Habari ya pamba niliitaja, habari ya mwanga nikaiacha kwa kuwa sikujua maneno yake, na jina lake sikulitaja. Nilisema sisi. Mwalimu akanisifu mimi. Yule mwenzangu alielewa sifa ile imekwenda wapi, maana sifa haihitaji kutafsiriwa. Hakusema neno. Mwaka uliofuata alihama shule, wala sikupata kumwomba radhi.

Niliposoma habari za Oldenburg nilijiona. Yeye aliacha nusu ya barua kwa sababu ya wingi wa kazi, lakini jina la Leeuwenhoek alilichapisha wazi, kiasi kwamba leo tunalijua hata hapa Uganda. Mimi niliacha nusu ya maneno na jina zima. Kama Oldenburg angefanya kama mimi, vitabu vyetu vingesema kwamba vijidudu viligunduliwa London.

Ndugu zangu, katika shule yetu wapo wanaotoka Congo, Sudan Kusini, Rwanda na Burundi, na kila mwaka huja wengine. Baadhi yao hukaa kimya darasani muhula mzima. Msidhani kwamba ukimya ule ni utupu. Na yeyote kati yetu anayejua lugha mbili, ajue kwamba amepewa mzigo wa mwenzake aubebe: aufikishe wote, bila kupunguza, na aseme ni wa nani. Nami naandika haya kwa Kiswahili kwa kuwa magazeti ya shule huvuka mipaka mikononi mwa wanafunzi wa zamani. Likimfikia yule ninayemkusudia, aelewe kwamba ile habari ya mwanga nimemweleza mwalimu, imechelewa miaka mitatu, na safari hii nimeisema kwa jina lake.